Neno "Asilia" Halitoshi

Yeyote aliyehudhuria arusi mjini Garissa miaka hii, aliyekaa saluni akisubiri zamu yake, au aliyeshika simu baada ya isha, amekwisha kuzisikia hoja hizi. Achaneni na mekapu nzito. Rudini kwenye uso asilia. Qasil, manjano, hina, wanja, mafuta kidogo ya midomo, basi. Nimewasikiliza wanaosema hivyo kwa makini, kwa sababu baadhi yao ni wasichana ninaowapenda, na kwa sababu nusu ya vitu wanavyovitaja nimekua navyo nyumbani. Sina ugomvi na mtu anayependa kupaka kidogo. Ugomvi wangu ni na madai yanayobandikwa juu ya hicho kidogo: kwamba ndiyo mila yetu, ni salama, ni nafuu, ndio uhuru, ndiyo dini, na juu ya hayo kitatutajirisha. Kila dai hapo linaweza kupimwa. Nawaomba wasomaji mkae kama mahakimu. Mlishawasikia wao, sasa nisikilizeni mimi, na pale nitakapowanukuu vibaya mnisahihishe.

Naanza na mila, kwa kuwa dai hilo ndilo linalobeba mengine yote. Wanasema mama na nyanya zetu wa Garissa, Wajir na Mandera hawakujua mekapu. Walinawa uso kwa qasil, wakatoka. Mtindo huu wa kupaka kidogo ni kuwarudia wao. Dai hili lina sehemu ya kweli na sitaificha. Qasil ni unga wa majani ya gob, mti wa jamii ileile ambayo Waswahili wa pwani huiita mkunazi. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa. Yana saponini, ndiyo sababu unga ukikutana na maji hutoa povu na kuondoa mafuta na vumbi bila sabuni. Wanawake wa huku wamenawia qasil na kuoshea nywele tangu kabla sabuni ya kipande haijafika katika maduka yetu. Hapo hatubishani.

Lakini kunawa ni jambo moja na kujipamba ni jingine, na hapo ndipo hoja yao inapoteleza. Wanachukua kile ambacho ayeyo, yaani nyanya, alisafishia uso, wanakiita mapambo yake, kisha wanatangaza kwamba mapambo yake yalikuwa machache. Mapambo yake yalikuwa mahali pengine, na yalikuwa mengi. Bibi arusi wa Kisomali hupakwa hina mikononi na miguuni. Huruud, yaani manjano, hupakwa usoni na mwilini mpaka ngozi ibadilike rangi. Macho hutiwa wanja wa kuonekana kutoka ng'ambo ya ua. Nguo na nywele hufukizwa uunsi juu ya dabqaad, chetezo chetu, mpaka moshi ukae katika nyuzi za dirac na garbasaar. Mama aliyejifungua hupambwa hivyo hivyo siku arubaini zinapotimia. Nenda pwani, kwa jirani zetu wa Lamu na Tana Delta, utakuta liwa, dalia, singo, udi na hina iliyochorwa kwa saa nyingi. Hakuna hata kimoja hapo kilichofanywa ili kisitambulike. Jirani alitakiwa ajue, kwa rangi ya vidole vyako na kwa harufu iliyokutangulia mlangoni, kwamba kwenu kuna furaha.

Sasa utazameni mtindo unaouzwa leo na kanuni yake. Upake, lakini isijulikane kwamba umepaka. Mpambaji afanye kazi saa nzima ili anayekutazama adhani hakuna kilichofanyika. Mwaka 2022 kanuni hiyo ilienea kwa kasi katika TikTok kutoka Marekani, ikiwa na jina lake na nyota wake, ikafika kwetu kwa simu zilezile tunazotumia kutuma pesa. Mtu ana haki ya kuipenda. Hana haki ya kuniambia kwamba ilitoka kwa nyanya yangu, ambaye siku ya arusi ya binti yake alitaka mji mzima uone. Anayesema hivyo anamnyang'anya mwanamke yule ustadi wake. Kujua hina ikae muda gani, kuchanganya uunsi kwa sukari na ubani na mafuta bila kuuunguza, kukadiria manjano ili yasimwache bibi arusi na mabaka, yote hayo ni maarifa. Kuyafupisha kuwa "alinawa akatoka" ni kusema hakujua kitu.

Dai la pili ni la usalama, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa watu wanaumia. Linasemwa hivi: viwanda hutia kemikali tusizoweza hata kuzitamka, hivi vyetu vimetoka mtini na mgodini, kitu cha asili hakidhuru. Hofu iliyo nyuma ya maneno haya ina msingi. Krimu za kujichubua zimeharibu nyuso katika kila mji wa Afrika Mashariki, na kinachofanya uharibifu huo kinajulikana: zebaki, haidrokwinoni, na steroidi kali zilizokusudiwa kutolewa na daktari. Kenya imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa hata ruhusa hiyo ndogo kufikia 2025. Kwa hiyo anayemwambia mdogo wake atupe mkebe usio na maelezo amesema vyema.

Kosa linakuja katika sehemu ya pili ya dai, kwamba kitu cha asili hakidhuru. Wanapokataa mkebe, wanauliza: kimo nini? Wanapopokea kijikaratasi cha unga, swali hilo wanaliacha mlangoni, kwa sababu mtu amesema "asilia". Zebaki imetoka ardhini. Risasi imetoka ardhini. Asili ya kitu haikuambii kitafanya nini kikiingia katika damu.

Chukueni wanja. Wanja wa jadi unaouzwa katika masoko mengi, kuanzia Asia ya Kusini hadi Uarabuni na kwetu, mara nyingi husagwa kutokana na galena, na galena ni risasi iliyoungana na salfa. Marekani hairuhusu wanja wa aina hii kuuzwa kama kipodozi, na mamlaka yake ya chakula na dawa inautaja kwa majina yake yote, kohl, kajal, surma, kwa sababu ya risasi hiyo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi hugusa ubongo unaokua. Nani hupakwa wanja kwetu? Bibi arusi, ndiyo, lakini pia mtoto wa siku chache, ili macho yake yawe mazuri na jicho baya limpite. Mtoto hujisugua, hulamba vidole. Wanja ndiyo bidhaa ya zamani zaidi katika orodha yao, haina kiwanda wala kemikali ya kisasa, na ndiyo yenye ushahidi mbaya zaidi dhidi yake. Kama hoja yao ingekuwa sahihi, mambo yangekuwa kinyume.

Chukueni hina. Mhina wenyewe ni mmea wa nchi kavu kama yetu, na hina safi huacha rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Hiyo ndiyo kazi ya jani. Jani halitoi weusi wa makaa kwa nusu saa. Weusi huo ni piko, rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na bado katika saluni nyingi huitwa "hina nyeusi" na kuingizwa katika kapu la vitu vya asili. Sheria ya Ulaya inairuhusu PPD katika rangi ya nywele peke yake, isizidi asilimia 2, na hairuhusu ipakwe ngozini. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio cha mwaka. Binti wa dada yangu alichorwa maua meusi mikononi siku mbili kabla ya Idd. Siku ya Idd maua yalikuwa yameinuka kuwa malengelenge, na mpaka leo ana kovu lenye umbo la petali. Aliyemchora alimwambia ni hina. Ubaya zaidi, mwili uliokwisha kuikataa PPD huikataa maisha yote, kwa hiyo msichana huyu hataweza kupaka rangi ya nywele ya kawaida hata akizeeka.

Na hina safi je? Ni salama kwa watu wengi, lakini hata hiyo si kwa kila mtu. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika maeneo yaliyoishi na malaria, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu wakipakwa hina mwilini. Madaktari wameyaandika hayo kwa miaka mingi. Mtoto mchanga wa kiume hupata hali hii kwa urahisi zaidi kuliko wa kike, na kupaka mtoto mchanga hina si jambo geni kwetu. Ninalitaja kwa sababu linabomoa dai lao kwenye mfano ulio msafi kabisa: jani halisi, bila kuongezwa kitu, bado linaweza kumlaza mtoto hospitali.

Manjano nayo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba nchini Bangladesh wasindikaji walikuwa wakiongeza kromati ya risasi kwenye mizizi ya manjano ili ing'ae. Rangi iliyovutia wanunuzi ndiyo iliyobeba sumu. Sisemi manjano ya soko la Garissa yana risasi. Sina kipimo chake, na wanaosema ni salama nao hawajatuonyesha chao. Ninachosema ni kwamba wingi wa manjano yetu husafiri kutoka mbali, umeshasagwa, na macho hayawezi kutofautisha.

Sasa tufike kwenye mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote, na ningependa wasomaji waupime polepole. Qasil nyingi siku hizi haiuzwi kama qasil tu. Inauzwa kama qasil ya kung'arisha, qasil ya kuondoa weusi, qasil na huruud ya kumfanya bibi arusi awe mweupe kwa siku saba. Maneno "asilia" na "inang'arisha" yamewekwa kwenye pakiti moja. Kama lengo ni uso uliozaliwa nao, kwa nini bidhaa inaahidi uso usiozaliwa nao? Majani ya gob husafisha. Hayana uwezo wa kubadilisha rangi ya ngozi kwa wiki. Ngozi ya mtu ikianza kupauka siku ya tano, kuna kitu kingine ndani ya unga, na kitu hicho tunakijua kwa jina lake la Kiswahili: mkorogo. Waliotuonya juu ya mkorogo wa kwenye mkebe wanatuletea mkorogo wa kwenye karatasi, na safari hii hakuna hata orodha ya viungo ya kusoma. Kipodozi kinachouzwa Kenya kinatakiwa kionyeshe viungo vyake na anayekitengeneza. Unga wa kupimwa kwa kijiko hauna jina, hauna tarehe, na akiumia mtu hakuna wa kuulizwa.

Kuhusu madai kwamba manjano hukinga jua, nitasema machache. Wanawake wetu wamepaka huruud wakitoka na mbuzi, na safu yoyote nene usoni huzuia mwanga kidogo. Hakuna aliyethibitisha kinga ya kutegemewa. Mwenye ualbino hasa asiambiwe kwamba unga wa manjano unamtosha katika jua la Garissa. Ushauri huo unaweza kumletea saratani ya ngozi.

Dai la tatu: ni nafuu. Qasil kidogo kwa shilingi chache, na mwaka mzima hununui kitu. Kwa anayenunua qasil peke yake, dai ni kweli. Lakini tazameni kile wanachokifundisha kwenye video zao. Kwanza kisafisha uso, kisha tona, kisha seramu, kisha krimu ya unyevu, kisha losheni ya jua, kisha praima. Hapo bado hujapaka. Ndipo inakuja fondesheni nyepesi, konsila chini ya macho, jeli ya nyusi, maskara, blashi ya krimu, na mafuta ya midomo yenye rangi inayokaribia midomo yenyewe. Dada mwenye poda moja, wanja na lipstiki, yule wanayemwita mpaka mekapu nzito, ana vitu vitatu katika mkoba. Mwenye uso "mtupu" ana kumi na viwili.

Na kuna gharama ya pili isiyotajwa. Safu nyembamba haifichi kitu, hivyo mtindo huu humfaa mwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyororo. Msichana mwenye chunusi, mwenye kovu la tetekuwanga, anayeishi kwenye vumbi na joto la Dadaab na kupanga foleni ya maji, ataambiwa aanze kwa kutibu ngozi. Mekapu ya zamani ilimruhusu aende arusini leo. Hii inamtaka asubiri miezi na alipe njiani. Halafu rangi. Fondesheni nyepesi inayotakiwa ifanane kabisa na ngozi yako inahitaji rangi yako iwepo dukani. Fenty Beauty ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 za fondesheni, dunia ilishangaa, jambo linaloonyesha hali ilikuwaje kabla. Ilifika rasmi Kenya Mei 2022, na bei yake si ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anayeishi kwa mkopo wa masomo.

Dai la nne ndilo linalowagusa vijana zaidi, nami nalichukulia kwa uzito. Linasema: uso bila mekapu ni uso wa kweli, na mwanamke anayeonyesha uso wake wa kweli yuko huru. Kuna uchovu halisi nyuma ya maneno haya, uchovu wa msichana anayeona aibu kufungua mlango kabla hajapaka. Lakini tumfuate mtu maarufu aliyelibeba bango hilo. Mwaka 2016 mwimbaji Alicia Keys aliandika kwamba ameacha mekapu, akajitokeza kwenye tuzo za MTV bila kupaka, na wanawake duniani kote wakaguswa. Mwaka 2020 alizindua bidhaa zake za kutunza ngozi, Keys Soulcare, kwa ushirikiano na kampuni ya vipodozi ya e.l.f. Simlaumu kufanya biashara, na sina sababu ya kusema hakumaanisha alichoandika. Ninaonyesha tu njia ambayo wazo lenyewe lilipita: uso mtupu ulianza kama kukataa kununua, na katika miaka minne ukawa kitu cha kununua.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimwona Iman, mwanamitindo mashuhuri wa baadaye, jijini Nairobi. Iman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia, mwenye lugha kadhaa kinywani. Beard aliwaambia waandishi wa New York kwamba amemkuta porini akichunga mifugo. Walimwamini, kwa sababu walitaka kumwamini: mrembo wa asili, asiyeguswa na kitu, kutoka nchi kama hii yetu. Uso wa Iman ulikuwa wa kweli. Hadithi iliyoufanya uitwe "wa asili" ilikuwa ya kutungwa, na iliondoa masomo yake, wazazi wake na akili yake ili urembo ubaki peke yake. Huyohuyo Iman, alipofika studio, mpambaji alimuuliza kama amekuja na fondesheni yake mwenyewe, kwa kuwa hawakuwa na ya kumfaa. Akaanza kuchanganya ya kwake, na mwaka 1994 akaanzisha Iman Cosmetics kwa ajili ya wanawake wasiopata rangi zao dukani. Kwa mwanamke huyu uhuru ulikuwa ni kuwa na fondesheni, kuichagua, kuitengeneza. Anayetuambia kwamba uhuru ni kuiacha hana budi aeleze mfano huu, na sijasikia anayeueleza.

Tena, kama uhuru ndio lengo, mbona sauti zao ni za amri? "Usipake hiki." "Mwenye mekapu nzito hajikubali." Bibi arusi wa Bulla Iftin aliyetaka kope ndefu na midomo myekundu siku yake moja anasemwa kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba amejiharibu. Zamani alisemwa kwa kutopaka. Sasa anasemwa kwa kupaka. Anayesemwa ni yuleyule.

Nakuja kwenye dini, kwa tahadhari. Mimi si sheikh, na hukumu nawaachia wanaoijua. Ninachopima ni mantiki ya hoja kama inavyosemwa. Inasema mambo mawili. La kwanza: mwanamke Mwislamu anatakiwa awe na haya, asitembeze mapambo mbele ya watu baki, mapambo mepesi yanalinda haya hiyo. La pili: hina na wanja ni vitu vilivyotajwa katika mapokezi ya dini, basi havina shaka.

Katika la kwanza, wauzaji wenyewe wanajipinga. Mtindo huu hutangazwa kwamba unamfanya mwanamke avutie zaidi kuliko mekapu nzito, kwa sababu mtazamaji hudhani urembo ni wake wa kuzaliwa. Kama ni hivyo, basi hoja ya haya imeanguka kwa maneno yao wenyewe: kinachovutia zaidi hakiwezi kusemwa kinavutia kidogo. Mwenye kushika haya kwa dhati hupamba ndani ya nyumba yake na kwenye arusi za wanawake, na hapo anaweza kupaka nzito kama apendavyo. Ndivyo mama zetu walivyofanya. Kipimo chao kilikuwa mahali na watazamaji. Unene wa mapambo haukuwa kipimo.

La pili linahitaji usomaji wa makini. Hadithi zinasifu ithmid, jiwe mahususi la wanja, na wanazuoni na wataalamu wamejadili kwa muda mrefu ni jiwe gani hasa, wengi wakisema antimoni. Sifa ya ithmid haihamii kwa kila kichupa cheusi kilichopo katika soko la Suq Mugdi. Anayeuza galena kwa jina la sunna anatumia heshima ya dini kuficha kisichojulikana, na hilo linatakiwa limkere mcha Mungu kabla halijamkera mwingine. Linganisheni na sidr, mti wa jamii ya mkunazi. Tuna mafundisho ya kuosha maiti kwa maji yenye sidr, na kafuri mwishoni. Hapo jani limetajwa, kazi yake imetajwa, ni kusafisha, na jani lenyewe tunalijua na kulishika. Dini imekuwa makini kuliko wauzaji wanaoitaja.

La mwisho ni la mapato, na wanalisema kwa nia njema. Dunia inaitaka qasil. Wanawake wa Kisomali wanaiuza London na Minneapolis. Gob inaota kwetu. Mtindo huu utawainua akina mama wa Kaskazini Mashariki. Ningependa liwe kweli. Lakini kwanza, halisimami pamoja na dai la unafuu. Bei haiwezi kuwa ndogo kwa mnunuzi wa Garissa na kubwa kwa muuzaji wa Garissa kwa wakati mmoja. Wachague moja.

Pili, tunao mfano wa karibu. Manemane, ubani, gundi ya mgunga na ile tunayoiita hagar hukusanywa na wachungaji wa Wajir, Mandera na Garissa, na hupelekwa nje kwa viwanda vya manukato na dawa. Biashara ya utomvu katika pembe hii ya Afrika imeandikwa tangu karne ya kwanza, katika kitabu cha mabaharia cha Periplus. Kwa muda wote huo mkusanyaji ameuza kitu kibichi kwa dalali, na thamani ikaongezwa kwingine. Nani ameeleza kwa nini jani la gob litapita njia tofauti? Mti huu haukui kwetu peke yetu. Upo Somalia, Ethiopia, Sudan, na India wanaulima kwa matunda. Na hapa kwetu una kazi nyingine. Misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, majani ya miti ndiyo yaliyowabakiza mbuzi wengi. Jani linaloingia katika mfuko wa kwenda ng'ambo limeondolewa kinywani mwa mnyama wa mtu.

Tatu, kama nia ni kuwainua hao mama, chombo kipo na hawakitaji. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Mila, namba 33 ya mwaka 2016. Inazitambua jamii kuwa wenye maarifa yao, na inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista ya maarifa hayo. Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa ya mimea na maarifa yanayoambatana nayo inatumika tangu Oktoba 2014. Mtetezi wa qasil mwenye wafuasi maelfu angeweza kutumia dakika moja ya video zake kuuliza rejista ya kaunti yake ina nini. Nimetazama video nyingi. Dakika hiyo sijaiona.

Nimeulizwa, kwa hasira kidogo, kama basi natetea mekapu ya dukani. Natumia qasil. Majani naletewa na mama mmoja wa Balambala yakiwa bado vijitini, nayaanika mwenyewe juu ya mkeka kivulini, natwanga kwenye kinu cha ayeyo, nachekecha kwa kitambaa chembamba. Hina ninayopaka nimeiona ikisagwa. Wanja niliuacha, na wajukuu wa nyumba yetu hawapakwi. Siku ya arusi napaka midomo myekundu. Ukiniuliza kuna nini usoni mwangu, nitakutajia kimoja kimoja. Nimewauliza swali hilohilo watu wanne wanaouza uso asilia katika mji huu, nikashika pakiti zao mkononi nikingoja. Wote wanne walinijibu kwa neno moja, lilelile lililoandikwa juu ya pakiti.